Risasi za .22 zilipokauka madukani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Lubumbashi

Nilikaa Kentucky, Marekani, toka 2012 mpaka 2016, na muda mwingi nilikuwa mpanga bidhaa wa usiku kwenye duka la vifaa vya kuwinda na kuvua samaki. Niliporudi Lubumbashi nilidhani habari za masasi nimeziacha kulekule. Wapi! Shemeji aliye Iowa anapiga simu kulalamika bei, kijana wa Bel-Air kaokota risasi kwenye koti la tombola (mitumba), mzee mmoja wa kanisani anataka kujua kama ni kweli shaba yetu ndiyo iliyosababisha risasi ndogo za .22 zikosekane madukani Marekani. Nimechoka kurudia. Maswali nimeyapa namba, ili ukiniuliza nikujibu "soma la 7" na sote tuendelee na kazi.

## Mwanzo kabisa

1. Risasi ya .22 ni nini hasa?

Ni risasi ndogo ambayo upana wa kichwa chake unazidi kidogo sentimita nusu. Namba .22 inatokana na kipimo cha inchi. Ile inayouzwa zaidi duniani inaitwa .22 Long Rifle. Waliosoma Kifaransa huku kwetu huiita "vingt-deux long rifle". Ilitoka mwaka 1887 kwenye kampuni ya J. Stevens ya Marekani. Kabla yake kulikuwa na .22 Short ya Smith & Wesson ya mwaka 1857, na kabla ya hiyo Mfaransa Flobert alikuwa ameshatengeneza risasi ndogondogo za kulengea shabaha ndani ya nyumba, miaka ya 1840.

Nzima yake ina urefu wa milimita 25 na kidogo, na uzito wa gramu 3 na kitu. Ukiwa na sanduku la 500 mkononi, umeshika chini ya kilo 2.

2. Wanasema ni risasi ya "kugongwa ukingoni". Maana yake?

Risasi yoyote ya kisasa ina fataki, yaani ile dawa inayolipuka ikigongwa na kuwasha baruti. Kwenye risasi kubwa, fataki ni kikombe kidogo kilichochomekwa katikati ya kitako, na kinaweza kung'olewa kikawekwa kingine. Kwenye .22 hakuna kikombe. Dawa yenyewe imesukumwa ndani ya ule ukingo mwembamba unaozunguka kitako cha ganda. Pini ya bunduki inagonga ukingo, ukingo unabonyea, dawa inawaka.

Ganda lazima liwe laini ili libonyee, na limekunjwa kipande kimoja. Ndiyo maana ni rahisi kutengeneza kwa mamilioni, na ndiyo maana pia likishapigwa limekwisha kazi (tazama la 20). Shika jambo hili, kwa kuwa nusu ya majibu yanayofuata yanatoka hapo.

3. Kwa nini watu wa kule wanaipenda namna hiyo?

Bei. Kabla ya mwisho wa 2012, risasi moja ya .22 ilikuwa senti 4 hivi za dola. Sanduku la 500 au 550 lilikuwa kama dola 20. Baba anachukua watoto wawili Jumamosi, wanapiga makopo mpaka saa sita mchana, na hela aliyotumia haifiki ya chakula cha hotelini.

Halafu haipigi bega. Mtoto wa miaka kumi aliyeshika bunduki kubwa hufumba macho kabla ya kufyatua, na hapo ameshakosa. Akishika .22 anasikia mlio kama kijiti kilichovunjika, basi. Wengi wa watu wazima niliokutana nao walijifunzia kwenye .22 ya babu yao, na bunduki yenyewe bado ipo nyumbani nyuma ya mlango.

4. Kwa hiyo ni kitu cha mchezo?

Hapana. Kwenye masanduku mengi kumeandikwa onyo kwamba inaweza kufika maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilomita 2. Simama kwenye posta ya Lubumbashi, hesabu kilomita 2 kwenda upande wowote, uone utakuwa umepita nyumba ngapi. Inaua mtu kama risasi nyingine.

## Uhaba wenyewe

5. Ulianza lini, ukaisha lini?

Ule mkubwa ulianza Desemba 2012. Risasi za aina nyingine zilianza kurudi madukani mwaka uliofuata, lakini .22 ilibaki adimu mwaka 2013, 2014 na 2015. Kufikia 2017 rafu zilikuwa zimejaa na viwanda vinawarudishia wanunuzi sehemu ya hela ili masanduku yatoke. Uhaba wa pili ulikuja 2020 (tazama la 10).

6. Nini kilichouwasha?

Tarehe 14 Desemba 2012, kwenye shule ya Sandy Hook, mji wa Newtown, Connecticut, kijana mwenye bunduki aliua watoto 20 na watu wazima 6. Rais Obama alikuwa ametoka kuchaguliwa tena mwezi uliotangulia, na sasa akataka sheria kali za bunduki. Jimbo la New York lilipitisha ya kwake Januari 2013. Seneti ya Washington ilipigia kura mapendekezo Aprili 2013, yakaanguka.

Waliokuwa na bunduki hawakungoja kura. Walikwenda dukani. Mwezi huo wa Desemba ofisi ya FBI inayochunguza wanunuzi wa bunduki ilipokea maombi zaidi ya milioni 2.7, ambayo yalikuwa mengi kuliko mwezi wowote kabla yake. Na hakuna anayenunua bunduki akaiacha bila risasi.

7. Lakini hakuna aliyetaka kupiga marufuku .22. Mbona ndiyo iliyokosekana kuliko zote?

Hili ndilo swali lenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Kumbuka unga ulivyotusumbua Lubumbashi, kila mara mahindi ya Zambia yalipozuiliwa. Mama aliyezoea kuchukua mfuko mmoja anasikia habari za mpaka wa Kasumbalesa, anachukua mitatu. Jirani kamwona, naye anachukua mitatu. Jioni duka tupu. Je, kuna nyumba iliyokula bukari zaidi ya jana? Hata moja. Unga wote upo, umehama tu kutoka dukani kwenda chini ya vitanda. Na yule aliyezoea kununua kwa kipimo, kilo moja moja, ndiye analala njaa.

Ya .22 ilikuwa hivyohivyo, na urahisi wake ndio uliouchochea moto. Risasi za bunduki kubwa zinauzwa ishirini ishirini na bei yake inauma, kwa hiyo hata mwenye hofu anafika mahali anaacha. Sanduku la .22 lina 500, nalo ni la dola 20: nani atashindwa kuongeza mawili? Piga hesabu. Watu milioni moja wakiongeza masanduku mawili kila mmoja, zimeondoka risasi bilioni moja. Na wenye bunduki za .22 Marekani ni wengi kuliko milioni moja.

Tena .22 haiozi, haihitaji nafasi, na hakuna mke atakayegombana na mumewe kwa sanduku linaloingia kwenye droo ya soksi. Nilimjua mzee mmoja, mstaafu wa reli, aliyekuwa na .22 za kutosha kumfikisha kwenye miaka 140 kwa jinsi alivyokuwa akipiga. Bado kila Jumanne alikuwa kwenye foleni. Nilimuuliza, "Papa, hizi zote za nini?" Akanijibu kwamba hajui kama wiki ijayo zitakuwepo.

8. Viwanda si vingeongeza kazi?

Viliongeza, usiku na mchana. Ila mashine ya .22 ni yake peke yake. Huwezi kuchukua ile ya risasi za bastola za 9 mm ukaigeuza Jumatatu. Mkanda wa shaba nyeupe (shaba iliyochanganywa na zinki) unakatwa vikombe, vikombe vinavutwa kuwa maganda, kitako kinapondwa kiwe na ukingo, kisha dawa ya fataki inatiwa ikiwa bado mbichi, kama tope, kwa sababu ikikauka inalipuka kwa msuguano. Inazungushwa mpaka iingie ukingoni, halafu inaachwa ikauke. Kazi ya kutia dawa haipewi mtu aliyeajiriwa jana.

Na faida ni nyembamba. Mwenye kiwanda anajiuliza: nijenge jengo jipya kwa mamilioni ya dola, likamilike baada ya miaka miwili, mitatu, halafu watu wagundue kwamba makabati yao yamejaa? Alikuwa na haki ya kuuliza, maana ndivyo ilivyotokea baadaye. Waliotengeneza .22 kwa wingi kule walikuwa wanahesabika: CCI kule Lewiston, Idaho, Federal kule Anoka, Minnesota, Winchester kule Oxford, Mississippi, Remington kule Lonoke, Arkansas. Aguila ya Mexico ilisaidia, na Ulaya kidogo.

9. Dukani kulikuwaje?

Lori lilifika saa tisa au kumi usiku. Nilikuwa nakata plastiki ya godoro la mbao na kuhesabu: labda masanduku kumi na mawili kwa duka zima, wakati zamani yalikuwa hayahesabiwi. Hata ujazo wake ulikuwa vichekesho: moja lina risasi 333, jingine 525, jingine 550, na kulikuwa na ndoo ya plastiki yenye 1,400. Nilipofungua mlango asubuhi, walewale wako nje, vikombe vya kahawa mkononi, wengine na viti vyao vya kukunja. Walijua siku ya lori kuliko meneja.

Tuliweka kiwango: masanduku matatu kwa mtu, baadaye moja. Mume anasimama mbele, mke nyuma yake, na kijana nyuma ya mke, wote wanajifanya hawajuani. Dakika kumi, rafu nyeupe.

Nitasema na la aibu. Mkubwa wetu wa zamu alikuwa anaweka pembeni mawili matatu kwa ajili ya rafiki zake, na sisi tulioona tulinyamaza kwa kuwa tulihitaji kazi. Kijana mmoja alikuja Jumamosi nne mfululizo na baba yake akakuta hakuna. Ya tano hawakuja.

10. Na mwaka 2020?

Korona, hofu ya njaa na fujo, maandamano, uchaguzi: yote mwaka mmoja. FBI walipokea maombi ya uchunguzi milioni 39.7, na mwaka 2013 tuliouona mkubwa ulikuwa na milioni 21. Mamilioni ya wanunuzi walikuwa wanashika bunduki mara ya kwanza. Juu ya hayo, Remington iliomba ulinzi wa kufilisika Julai 2020 na mali yake ikagawanywa. Kiwanda cha Lonoke kikachukuliwa na Vista, waliokuwa na CCI na Federal wakati huo.

Safari hii risasi za 9 mm ndizo zilizoongoza kwa kilio. .22 nayo ilipotea, ila ilirudi upesi kuliko mara ya kwanza. Nadhani wengi walikuwa bado wanakula akiba ya 2013.

11. Waliokuwa wanauza tena kwa bei ya juu ni nani?

Tunawajua sisi. Mafuta yakikauka kwenye stesheni, kadhafi, yule mchuuzi wa mafuta, yuko barabarani na chupa zake. Kule pia: mtu anawahi foleni saa kumi na moja, ananunua kwa dola 20, na kabla ya saa sita anauza kwa 50 au zaidi kwenye maonyesho ya bunduki au kwa tangazo la mtandaoni. Wengi walikuwa watu wa kawaida waliokosa kazi. Nilikuwa nawachukia, siku hizi sijui. Kama kuna anayelipa 80, yule wa foleni hakumshikia bunduki.

## Waliopiga kwa raha tu

12. Nani aliumia zaidi?

Mwenye hela alilipa. Mwindaji wa swala hakuguswa sana, kwa kuwa anatumia bunduki kubwa na risasi tano kwa msimu zinamtosha. Walioumia ni wale ambao raha yao yote ilisimama juu ya urahisi wa .22.

Wa kwanza ni watoto. Skauti na vyama vya vijana vya vijijini wanafundishia .22, na mafunzo ya mtoto mmoja yanakula mamia ya risasi. Kambi ya jirani yetu ilipunguza: mtoto aliyekuwa anapiga hamsini kwa siku akapewa kumi, na muda uliobaki anafundishwa kulala kifudifudi, kushika pumzi na kuvuta kilimi bila risasi ndani. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba wapigaji wake wa mwaka huo walikuwa wazuri kuliko wa miaka ya nyuma, maana kila risasi ilifikiriwa. Inawezekana. Lakini walikuwa wachache.

Wa pili ni wazee wa pensheni. Wanakutana Jumatano, wanapiga kidogo, wanasema sana. Viwanja vingine vikaanza kuuza risasi kwa sharti kwamba zipigwe hapohapo, na wazee wakaanza kuja mara moja kwa mwezi. Mmoja wao alihifadhi maganda matupu kwenye mkebe wa kahawa, eti asikie yakigongana.

13. Walibadili nini ili waendelee?

Wengi walihamia bunduki za hewa. Risasi yake ya milimita 4.5 haina baruti wala fataki, na ilikuwa haijakosekana. Unaweza kupigia nyuma ya nyumba kama sheria ya mtaa inaruhusu.

Wengine walinunua bunduki ya .17 HMR, iliyotoka 2002. Makosa! Nayo inagongwa ukingoni, inatoka viwanda vilevile, na bei yake kwa risasi moja ilikuwa mara kadhaa ya .22. Walitoroka mvua wakaingia mtoni.

Kuna waliofyatua bunduki tupu sebuleni kwa mazoezi. Kwa .22 uangalie: pini inayotafuta ukingo isipoukuta inagonga mdomo wa chemba yenyewe, pale risasi inapokaa, na kwenye bunduki nyingi za zamani inauharibu polepole. Soma kitabu cha bunduki kwanza.

14. Wa mashindano makubwa, wa Olimpiki, ilikuwaje?

Olimpiki wanatumia .22 kwa karabini ya mita 50 na bastola ya mita 25, na wale wanaoteleza kwenye theluji kisha wanasimama kulenga, wanaitumia tangu 1978. Kwenye karabini ya mita 50, duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4. Chukua kalamu ya wino, iweke golini, kisha fikiria kulenga unene wake ukiwa katikati ya uwanja wa mpira.

Hawa hawapigi risasi ya ndoo. Wanatumia za Eley za Uingereza au Lapua na RWS, tena wanazijaribu toleo kwa toleo (toleo ni fungu lililotengenezwa pamoja) kwenye mtutu wao wenyewe, na toleo likikubali wananunua la mwaka mzima. Kwa hiyo akiba walikuwa nayo. Shida ilikuwa kwa anayeanza: kaanza kupenda mchezo, halafu toleo lake limekwisha na lingine halipo.

## Uvumi

15. Ni kweli serikali ilizinunua zote ili wananchi wakose?

Uvumi huu ulikuwa na namba ya kuvutia: wizara ya usalama wa ndani inanunua risasi bilioni 1.6! Ile ilikuwa idadi ya juu kabisa kwenye mikataba ya miaka kadhaa, ambayo wangeweza kununua kama wangehitaji. Ofisi ya Bunge ya ukaguzi, GAO, iliangalia vitabu na kutoa ripoti 2014: manunuzi ya wizara hiyo yalikuwa yamepungua toka 2009. Isitoshe, polisi wa mpaka habebi .22. Anabeba bastola ya risasi kubwa. Hata kama wangemaliza risasi zote za polisi, rafu ya .22 isingetikisika.

16. Na kile kiwanda cha kuyeyusha risasi kilichofungwa?

Hapa Kiswahili chetu kinachanganya, maana risasi ni ile ya bunduki na risasi ni ile metali nzito ya betri. Kiwanda cha metali hiyo cha Doe Run, kule Herculaneum, Missouri, kilifungwa mwisho wa 2013. Watu wakasema: hiyo ndiyo sababu! Ila uhaba ulikuwa na mwaka mzima tayari. Na vichwa vya risasi hutengenezwa zaidi kwa metali iliyoyeyushwa upya, hasa ya betri za magari zilizokufa, ambayo haikutoka Herculaneum.

17. Shaba ni yetu. Shaba ilipungua?

Mzee wa kanisani, hili ni lako. Ganda la .22 ni shaba nyeupe, yaani shaba sehemu 70 hivi na zinki sehemu 30. Shaba tunayo hapa tunapokanyaga, na zinki iko Kipushi, mwendo wa kilomita 30 tu, kwenye mgodi ulioanza kutoa tena 2024. Ukisimama chini ya lile bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, unaweza kujiona una ganda zima mkononi.

Lakini hakuna siku viwanda vilivyosimama kwa kukosa metali. Ganda la .22 halifiki gramu moja ya shaba nyeupe. Bilioni moja ya maganda hayafiki tani 1,000, na Kongo inatoa shaba zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Kilichokuwa chembamba ni mashine, mikono ya kutia fataki, na subira ya wanunuzi. Sisi tunapeleka metali. Ukingo unakunjwa kwingine.

## Sisi huku

18. Naweza kununua karabini ya .22 hapa Lubumbashi nikalenga makopo Jumapili?

Usifikirie ya Kentucky. Kongo, silaha na risasi zinaongozwa na sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji una sheria yake namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Bila kibali hushiki, na risasi bila kibali ni kosa kama bunduki bila kibali. Makopo nyuma ya nyumba, Katuba? Kabla hujapiga la tatu, kartie (mtaa) nzima iko chini ya vitanda na gari la polisi liko mlangoni. Watu wetu wamesikia masasi ya kutosha. Mlio wa kijiti kwa mtoto wa Kentucky ni raha. Kwa mama aliyetoka Pweto au Mitwaba na watoto mgongoni una maana nyingine.

Ukiupenda mchezo wenyewe, anza kwa kuuliza ofisi za mkoa kuhusu vibali, na uulize kabla ya kununua hata bunduki ya hewa.

19. Shemeji anakuja Desemba. Aniletee sanduku moja?

Mwambie hapana, na umwambie mapema. Kanuni za ndege zinaruhusu risasi za michezo mpaka kilo 5 kwa abiria, kwenye mzigo wa chini, kwa idhini ya kampuni ya ndege. Watu wanasikia "kilo 5" wanafurahi. Kuruhusiwa kupanda ndege hakukuruhusu kushuka Luano, uwanja wetu wa ndege. Kuzitoa Marekani kuna sheria yake, na kuziingiza Kongo kunataka kibali chako wewe unayepokea. Nchi yenye vita upande wa mashariki haitanii na begi lenye risasi, hata zikiwa ndogo kama punje za mahindi.

Na yeye mwenyewe akague mifuko ya begi alilokwenda nalo kuwinda. Risasi moja iliyosahaulika inatosha kuharibu Noeli.

20. Nimekuta risasi kwenye koti la tombola. Nifanye nini?

Swali hili ndilo linalokuja zaidi kuliko yote, ungeshangaa. Makoti ya wawindaji yanatoka Marekani kwenye mabelo na mifuko haikukaguliwa. Kijana wa Bel-Air alileta yake ndani ya kiberiti: kijiganda cha rangi ya dhahabu, kichwa kimepauka, herufi moja imegongwa kwenye kitako. Alikuwa ameanza kuigonga kwa jiwe "atoe shaba".

Usiigonge. Rudi kwenye la 2: fataki imezunguka ukingo wote, kwa hiyo popote utakapopiga kitakoni ni mahali pabaya. Usiitupe kwenye mbabula (jiko la makaa) wala kwenye takataka zinazochomwa. Nje ya mtutu kichwa hakiendi na nguvu, ila ganda linapasuka na vipande vyake vinatafuta macho. Usimpe mtoto. Iweke mahali pakavu, mwite shefu wa kartie au uende naye polisi, na useme ulikoitoa. Nenda na shahidi, na ukiwa na koti lenyewe mkononi. Usikae nayo wiki nzima ukiwaonyesha rafiki.

Ganda tupu, lililokwisha kupigwa, halina hatari. Haliwezi kujazwa tena kama yale makubwa, kwa kuwa ukingo umeshabonyea na dawa imekwisha. Wapo Marekani waliojaribu kulijaza nyumbani wakati wa uhaba. Dawa ya fataki haijali kama una uzoefu, na sitaeleza wanavyofanya.

## Mambo ya pembeni

21. Wakati wa uhaba watu walinunua .22 yoyote waliyoiona. Zinaingiliana?

Kwa upande mmoja tu. Bunduki ya kawaida ya .22 Long Rifle inapokea .22 Short, ambayo ni fupi, ingawa zile zinazojipakia zenyewe zitakwama kwa kuwa nguvu haitoshi kurudisha chuma nyuma. Vivyo hivyo risasi za taratibu zenye mlio mdogo: unapiga moja, unavuta kwa mkono, unapiga nyingine.

.22 Magnum ya mwaka 1959 ni kitu kingine. Ganda lake ni pana. Ukitia Long Rifle kwenye chemba ya Magnum itaingia ikilegea, na ikipigwa ganda linapasuka na moto unarudi kwa mpigaji. Mwaka 2014 mteja aliturudishia bunduki akidai ni mbovu. Tulipofungua tulikuta ganda limechanika urefu wote, kama ganda la njugu.

22. Shemeji bado ana zile alizoficha 2013. Zinafaa?

Kama zilikaa pakavu na pasipo joto, ndiyo. Risasi iliyotunzwa vizuri inapita miongo. Adui ni unyevu, na .22 inaumia zaidi kwa kuwa kichwa kimeshikwa kidogo tu na ganda. Zilizokaa kwenye gari kiangazi chote, au kwenye chumba cha chini kilichofurika, azitenge. Zenye ukungu wa kijani asizipige.

23. Amevuta kilimi, haikulipuka. Afanye nini?

Aendelee kuelekeza mtutu kwenye shabaha na ahesabu mpaka 30 bila kufungua chochote. Mara chache fataki inachelewa. Zikipita sekunde hizo afungue, aitoe, aiweke kwenye chombo cha risasi mbovu cha kiwanja. Kwenye .22 hutokea zaidi kuliko kwenye risasi kubwa, kwa sababu dawa inaweza kukosekana pale pini ilipogonga tu. Wakati wa uhaba wazee wetu wa Jumatano walikuwa wanaizungusha nusu duara na kuijaribu tena, wasipoteze senti kumi. Nyingi zililipuka. Mwenye kiwanja alikuwa anawagombeza kila mara, na kila mara walisema hawakusikia kwa sababu ya vizibo vya masikioni.